Kifungu Alichoniuliza Baba

Nilipopata kazi ya utendaji wa kijiji, baba hakunipongeza kama watu wengine. Wengine walipiga simu, wengine waliniomba nisiwasahau nikishaukalia ufalme. Baba alipanda basi kutoka Samuye hadi Kahama, nilikokuwa nimepanga chumba, akafika na kaunta buku jipya na kalamu mbili za bluu, akaviweka mezani kabla hata sijamletea maji ya kunawa. Akasema ninakili Katiba. Siyo yote, akasema, kwa kuwa alinijua uvivu wangu. Nianze na sehemu inayotaja haki za watu na mipaka ya wanaowatawala, na niandike kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikamuuliza kama hajasikia kwamba siku hizi ipo kwenye simu.

Hakucheka. Alinikumbusha kwamba kwenye Torati mfalme aliagizwa jambo hilohilo: akishaketi kwenye kiti chake ajiandikie nakala ya sheria, akae nayo, aisome siku zote za maisha yake, moyo wake usije ukainuka juu ya ndugu zake. Kuandika kwa mkono kunachosha, baba alisema, na aliyechoka hasahau haraka. Mimi niliyaona ni mambo ya wazee. Hata hivyo jioni za miezi ile ya mwanzo niliandika, kwa mwandiko wangu wa kujivunia, nikafika kifungu cha kumi na saba. Kisha likaja zoezi la anwani za makazi, likaja la chanjo, likaja la madarasa, nikalisukuma daftari kwenye sanduku chini ya kitanda. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akanionea huruma kwamba sikujua. Kifungu kinachohusu uhuru wa mtu na namna anavyoweza kukamatwa ni cha kumi na tano. Nilikuwa nimekiandika chote.

Baba alikuwa mkulima wa pamba na mpunga, na kwa miaka mingi mjumbe, halafu mwenyekiti wa baraza la kata, wanakosuluhisha kesi ndogondogo za mipaka ya mashamba, ng'ombe waliokula mahindi ya jirani, na matusi ya kilabuni. Aliishia darasa la saba la zamani, ambalo alilitaja kana kwamba ni shahada. Vitabu vyake viwili vilikaa kwenye mfuko mmoja wa nailoni: Biblia ya Kisukuma iliyopoteza jalada, na kijitabu cha Katiba alichokifunika kwa karatasi ya kalenda. Jumapili jioni tukishakula alisoma kidogo huku na kidogo kule. Sisi watoto tulidhani kila nyumba hufanya hivyo. Nilipokwenda sekondari ndipo nikagundua kwamba tulikuwa kituko.

Alikuwa na wazo moja, na alilirudia kiasi kwamba mama, likianza tu, alikuwa anainuka kwenda kuosha vyombo. Kwamba Mungu, mwenye uwezo wa kufanya lolote, alikubali kujifunga. Alimwahidi Nuhu kwamba hataleta tena gharika, akaweka upinde mawinguni wa kujikumbusha. Akafanya agano na Ibrahimu. Akapumzika siku ya saba wakati hakuna aliyeweza kumzuia kuendelea na kazi. "Sasa ikiwa Mungu amekubali kufungwa na neno lake," alikuwa akisema, "huyu mtu asiyetaka kufungwa na lolote anajiona nani?" Kwake kijitabu kile hakikuwa cha wanasiasa. Ilikuwa kamba ambayo watu wamemfunga nayo mkubwa wao ili asije akaabudiwa, na amri ya kwanza inajulikana inasemaje. Mtumishi wa serikali aliyevuka mpaka wake alikuwa ameanza kuchonga sanamu. Raia aliyemwona akivuka na akanyamaza, baba alisema, huyo tayari amepiga magoti.

Bibi, mama yake, hakuwahi kwenda kanisani, lakini hapo alikuwa upande wake. Alisimulia kwamba siku ya kumsimika ntemi, wazee walimketisha chini kwanza, wakamtajia migilo yake, yaani miiko: asichoruhusiwa kula, asikoruhusiwa kwenda, asichoruhusiwa kumtendea mtu. Akiivunja, mvua inakataa, na wazee wanamwondoa. Sijui kama kila utemi ulikuwa hivyo. Ndivyo alivyosimulia, na baba alimwomba arudie mara kwa mara, jambo ambalo mchungaji wa Samuye hakulipenda hata kidogo.

Mama alipofariki nilimchukua baba nikaishi naye. Kijiji nilichopangiwa kiko upande wa Bugarama, jirani na mgodi mkubwa, na pembezoni kuna maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo, ambako makarasha yanasaga mawe kutwa nzima. Nyumba ya mtendaji iko nyuma ya ofisi. Kanisa liko hatua kama mia mbili mbele yake, la matofali ya kuchoma, na kengele yake ni rimu la lori. Baba hakumaliza miezi mitatu kabla hajafanywa mzee wa kanisa. Watu walianza kumwita Baba Mtendaji, naye akawa anawasahihisha kwa upole kwamba mtendaji hana baba, mwenye baba ni binti yake.

Masika ya mwaka ule yalipokaribia kulitokea ugomvi kwenye maduara juu ya shimo moja lililoanza kutoa vizuri. Vijana watano wa kijiji chetu walikamatwa, wakapelekwa kituo cha mbali. Wiki ikapita bila kufikishwa mahakamani. Mama zao walikwenda na chakula, wakaambiwa warudi kesho, wakarudi, wakaambiwa kesho tena. Waliponijia mimi niliwaambia suala liko kwenye uchunguzi. Hiyo ni sentensi niliyojifunza wiki ya kwanza ya kazi, na hakuna mtu anayejua aulize nini baada yake.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, baba alisimama na kipande cha karatasi. Akasoma majina matano, na baada ya kila jina akasema, "Siku ya tisa." Hakuhubiri wala hakumlaumu mtu. Alikaa, na mchungaji, kijana ambaye hata ndevu zilikuwa hazijamkolea, akaona hana la kufanya ila kuwaombea. Jumapili ya pili baba akasoma majina yaleyale: siku ya kumi na sita. Ya tatu ilikuwa siku ya ishirini na tatu, na kanisa lilijaa watu wa madhehebu mengine. Hata mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani wakahamia Kahama zamani, alisimama nje ya dirisha na kofia yake, akasikiliza mpaka mwisho.

Mimi nilikuwa benchi la nne. Niliinamisha kichwa kama anayeomba, kumbe nilikuwa nahesabu ni nani atakayepeleka maneno.

Jumatatu simu ikaita. Alikuwa mkubwa wangu mmoja wa wilayani. Akaniuliza habari za choo cha shule, nikamweleza, kisha akasema, "Na hilo kanisa lako linatuletea maneno. Ebu lipumzike kidogo." Nikajibu, "Sawa, mkuu." Akarudi kwenye choo.

Asiyefanya kazi hizi hawezi kuelewa. Wakubwa hawaandiki. Wanapiga simu, na kwenye simu wanasema nusu, nusu nyingine unaimalizia mwenyewe, na mtendaji anayesifiwa ni yule anayeimalizia haraka. Mimi nilikuwa nasifiwa. Nilichukua karatasi yenye kichwa cha ofisi, nikaandika kwamba kufuatia maagizo ya mamlaka za juu, na kwa sababu za kiusalama, mikusanyiko yote katika jengo la kanisa imesitishwa hadi itakapotangazwa vinginevyo. Sikuandika ni mamlaka ipi. Nikasaini, nikagonga muhuri, nikaenda dukani kwa yule mzee wa Kiislamu nikanunua kufuli. Alinichagulia lililo imara, akaniuliza kama wezi wameanza kutusumbua ofisini. Nikasema ndiyo.

Mchungaji alisoma tangazo mlangoni, akasema sawa mama, akaenda kumweleza mkewe. Mgambo alitaka kunisaidia kufunga, nikamwambia aache. Nililifunga mwenyewe.

Mchana ule tulikula ugali na nsansa, mboga ya majani yaliyokaushwa, mimi na baba. Alikwishasikia. Aliomba aione amri niliyotekeleza. Nikasema ilikuja kwa simu. Akaniomba nimwambie yaliyosemwa, neno kwa neno, kama alivyokuwa akiwaomba mashahidi kule barazani. Nikamwambia.

Alimega tonge, akalikanda muda mrefu. "Mayu," akasema, yaani mama, jina aliloniita tangu utotoni kwa kuwa nimerithi jina la mama yake, "hapo mimi sijasikia amri."

Nikasema hazijui ofisi za siku hizi. Akakubali, huenda hazijui. Ila akaniomba kitu kimoja: niandike barua fupi, ya heshima kabisa, niombe agizo lile liletwe kwa maandishi, kwa sababu yapo mambo ambayo mtu huyasema na huona haya kuyaandika. Nikamwambia nina watoto wawili wanasoma bweni. Nikamwambia mtendaji anayeomba maandishi huamka amehamishiwa mwisho wa Ushetu, ama hana kazi kabisa. Kisha, kwa kuwa alikuwa ananitazama kwa utulivu na utulivu ule ulinikera, nikamwambia kwamba hata ugali anaokula unatoka kwenye mshahara huo.

Akanawa mikono. Akanishukuru kwa chakula kama mgeni.

Siku ya pili nikiwa ofisini nilimwona amekaa kwenye benchi la nje, amevaa koti lake la ibada, nyuma ya mwanamke aliyekuja kuchukua barua ya utambulisho. Alisubiri zamu yake. Alipoingia nikasimama nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, Mtendaji," akajibu. Hakuwahi kuniita hivyo. Akatoa barua, nakala mbili, zimeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya mistari, anwani yake kulia na yangu kushoto kama walivyofundishwa. Yah: Ombi la Kufahamishwa Kifungu. Alieleza kwamba yeye ni mkazi na muumini, na anaomba kwa heshima afahamishwe ni kifungu gani cha Katiba au cha sheria nyingine kilichotumika kulifunga kanisa, na ni mamlaka gani iliyokitumia. Wako katika ujenzi wa taifa. Akaomba nigonge muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake. Nikagonga. Muhuri ukakaa upande. Akaikunja, akanishukuru, akatoka.

Barua ile niliiweka kwenye jalada. Nyumbani hakuniuliza habari zake hata siku moja. Tuliongea juu ya mvua, juu ya watoto, juu ya goti lake. Mambo ya ofisi aliyaacha ofisini, na kila jioni nilipoingia ndani nilikuwa naomba aniulize, nipate nafasi ya kukasirika. Hakunipa.

Jumapili alioga mapema, akavaa, akachukua mfuko wake wa nailoni. Nilimkuta katikati ya njia, nikamkumbusha kwamba mikusanyiko imekatazwa.

"Mtu mmoja ni mkusanyiko?" akauliza. Aliuliza kwa dhati, kama anayetaka kujua.

Nikampisha. Akaenda, akaketi kwenye ngazi ya kanisa, mgongo kwenye mlango. Akasoma Biblia yake kwa sauti ya kawaida, kisha akafungua kile kijitabu kingine akasoma, kisha akasimama, akaugeukia mlango uliofungwa, akasoma majina matano. Siku ya thelathini. Waliokuwa wanapita walipunguza mwendo, ila hakuna aliyesimama, kwa sababu wawili tayari ni mkusanyiko na mtendaji alikuwa anawatazama kutoka barazani kwake. Wakati huo wengine walisali majumbani, watatu kwa wanne. Sikuwahi kualikwa.

Jumapili ya siku ya thelathini na saba ilinyesha. Nilimpelekea mwavuli, akaupokea, upepo ukaugeuza. Nikamsihi arudi ndani. Akasema ibada haijaisha. Nikiwa bado nimesimama pale kama mjinga, yule mwenye duka akaja na turubai la bluu, hata hakunisalimu. Akafunga pembe mbili kwenye misumari ya ukutani, ya tatu kwenye mti wenye kengele, na ya nne, kwa kukosa pa kufunga, akaipitisha kwenye komeo, palepale kwenye kufuli lake. Akamsalimia baba, akaenda zake.

Kesho yake nilipita dukani kumshukuru. Alikuwa anapima misumari, hakuinua macho. Akasema amelala vibaya tangu ajue kufuli lile lilikwenda wapi. Kwa imani yao, akasema, hakuna mtawala asiye na wa kumhoji, mkubwa ataulizwa juu ya mamlaka yake na mdogo juu ya mkono wake.

"Hata kufuli lile tutaulizwa, mama. Mimi kuliuza na wewe kulifunga."

Nilimjibu kwamba yeye anisamehe tu, mimi nimetumwa. Nilipokuwa narudi ofisini nikajiuliza nimetumwa na nani, nikajibu mwenyewe haraka kwamba nimetumwa na serikali, nikaongeza mwendo.

Baba alikaa kwenye ngazi ile Jumapili nne. Ya nne, siku ya hamsini na moja, mvua ilipiga ubavuni na turubai halikusaidia. Jumatatu alianza kukohoa. Jumatano zahanati ikatuandikia rufaa, tukampeleka hospitali Kahama. Homa ya mapafu, walisema, na umri. Alikuwa na miaka sabini na minane.

Ijumaa mchana alifumbua macho akaniuliza leo ni siku gani. Nikamwambia Ijumaa. Akatikisa kichwa, akasubiri. Nilipoelewa anachouliza sikujua jibu, na nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. "Hamsini na sita," akasema mwenyewe. Nikashika mkono wake, mwepesi sana, nikamwambia kwamba barua yake nitaijibu.

"Ile ya ofisini iache ofisini," akasema. "Wewe lala kidogo, mayu. Umechoka."

Alifariki kesho yake asubuhi.

Desturi yetu ni kumrudisha mtu kwao, na kaburi la mama lilikuwa linamngoja Samuye. Lakini wazee wa kanisa waliomba aombewe kwanza kijijini, Jumapili, kisha gari liondoke. Mwili ulipofika uliwekwa chini ya turubai mbele ya nyumba yangu. Mchungaji akanifuata. Alinipa pole kama binti wa marehemu, kisha akabadilisha sauti, akamuuliza mtendaji kama ibada itafanyika ndani au nje. Watu wote wakatazama mkoba wangu. Ufunguo ulikuwa humo.

Nilizunguka nyuma ya nyumba nikampigia mkubwa wangu, kuomba kibali. Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Baba yangu amelala kwenye jeneza, nami natafuta mtandao niombe ruhusa.

Alinipa pole nyingi. Nilipomweleza shida yangu akauliza, "Kufungua? Kwani nani alifunga?"

Nikamkumbusha ile simu. Akasema anaikumbuka. Alisema lipumzike, yaani yale majina yapumzike. Alijua kwamba anayeyasoma ni baba yangu, akadhani nitaongea naye kama mtoto na mzazi, yaishe. Kufunga nyumba ya ibada hakumwambia mtu, yeye hana mamlaka hayo, na hakuna mwenye nayo.

"Kama kuna mahali nimeandika, nionyeshe," akasema.

"Sawa, mkuu," nikajibu.

Sijui kama alisema kweli au alikuwa anajikosha. Nimelifikiria jambo hilo mpaka nimechoka. Nikiona alikuwa anajikosha, napata mtu wa kumlaumu kwa siku moja au mbili, kisha narudi palepale: katika nchi nzima karatasi iliyolifunga kanisa lile ilikuwa moja, na sahihi yake ni yangu. Mamlaka za juu nilizoziandika hazikuwapo. Nilikuwa nimezitengeneza mwenyewe, nikazisujudia, nikamtoa baba sadaka.

Kufuli lilikataa. Wiki zile za mvua zilikuwa zimeliingiza kutu, ufunguo ukazunguka nusu ukakwama. Watu walikuwa wamesimama na jeneza mabegani. Mwenye duka alikimbia akaleta msumeno wa chuma, nikashikilia kufuli kwa mikono yangu miwili naye akakata, na vumbi la chuma likanidondokea kwenye kanga. Ilichukua muda mrefu. Hakuna aliyeimba.

Ndani palinuka kinyesi cha popo. Walimlaza mbele, mchungaji akasema machache. Ulipofika wakati wa matangazo wote tulitazama pale alipokuwa akisimama. Karatasi yake sikujua iko wapi. Mchungaji alipofungua mdomo aendelee, mama wa mmoja wa wale vijana, aliyeketi nyuma kabisa, akasema bila kusimama, "Hamsini na nane."

Watu wakaitikia amina.

Tulimzika Samuye jioni ileile, pembeni mwa shamba la pamba. Vijana watano waliachiwa wiki mbili baadaye, bila mahakama, bila maelezo, wakaambiwa waende nyumbani. Mmoja wao goti halikunji vizuri hadi leo. Huja ofisini kuchukua barua za utambulisho wa kuombea kazi, hunisalimia shikamoo kwa adabu zote, nami hujibu marahaba nikitazama chini.

Mimi hakuna aliyenigusa. Mkubwa wangu alihamishiwa kwingine, na kwenye kikao cha kumuaga alinitaja kama mfano wa watendaji wanaojiongeza. Makofi yalipigwa. Bado niko kwenye kiti kilekile, na waumini wananiamkia vizuri, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Ningeona nafuu kidogo kama kuna mtu angenitukana.

Baada ya arobaini nilivuta sanduku chini ya kitanda nikatoa lile kaunta buku. Kifungu cha kumi na nane nilikimaliza kwa kikao kimoja. Cha kumi na tisa ndicho kinachosema juu ya imani, na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Si kirefu, ila kilinichukua siku tatu. Nilikuwa naandika mstari, naweka kalamu chini.

Nilipomaliza nikaenda ofisini, nikafungua jalada, nikaijibu barua ya baba. Niliandika kwamba ombi lake limepokelewa na jibu limechelewa. Kwamba hakuna kifungu kilichotumika, kwa kuwa hakuna kinachoruhusu. Kwamba mamlaka iliyolifunga kanisa ni mimi. Nikasaini, nikagonga muhuri, safari hii ukakaa sawa. Nikaiandikisha kwenye daftari la barua zinazotoka: tarehe, kumbukumbu namba, inakokwenda. Nakala nikaiweka kwenye mfuko wake wa nailoni, ndani ya kijitabu chenye jalada la kalenda, na humo ndimo nilimoikuta ile karatasi ya majina, na nyuma yake vijistari vya kuhesabia siku, hadi hamsini na moja.

Barua yenyewe imo kwenye bahasha, mezani kwangu. Mwaka jana mkaguzi alipitia lile daftari mstari kwa mstari. Akasimamisha kidole kwenye mstari huo, ambao nafasi ya sahihi ya mpokeaji ni tupu, akaniuliza kwa nini barua hii haijamfikia mwenyewe.

Nikamwambia niliichelewesha.